Daktari Wilkista Makokha na Jivu la Chwele

Wazee wa ukoo, akina mama, watumishi wa Mungu, wafanyakazi wa hospitali mliotoka Kitale, majirani wa Chwele na nyote mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, poleni na safari na poleni na msiba, mimi naitwa Lenah, ni mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba hii, nimeolewa Kimilili na ninafundisha shule huko, na nimesimama hapa kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua nisome. Najua kuna wazee ambao hawajapata kumsikia mwanamke akisoma historia ya marehemu mbele ya jeneza, na baba yetu mdogo Walubengo amekuwa akinikumbusha jambo hilo tangu asubuhi, basi nawaomba mnivumilie, marehemu alivumilia mengi kuliko haya. Nitasoma kwa Kiswahili ili wageni wetu wa Kitale na Kachibora wasikie, na nina ombi moja tu, kwamba mtu asiondoke kabla sijamaliza, kwa maana neno alilotaka mlisikie liko karibu na mwisho.

Marehemu Daktari Wilkista Makokha alizaliwa tarehe 15 Aprili 1924, hapa hapa Chwele, katika boma hili, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Hiram Wabwile na mama yetu Sellah, ambaye mnamwona ameketi karibu na jeneza. Nasema wa nne kwa kuwa aliniagiza nisiwaruke wale watatu waliomtangulia, ingawa kwetu watoto waliokufa hawatajwi, na hata walio hai hatuwahesabu kwa sauti. Wote watatu walizaliwa wazima, wakapakwa jivu kitovuni kama ilivyo desturi, wakanyonya vizuri, kisha kabla ya juma kwisha wakakataa titi, taya zikafunga, mwili ukakakamaa kama ukuni, wakaenda. Mnaujua ugonjwa huo, hakuna mama aliyeketi hapa asiyeujua.

Mtoto wa nne alipokuja, bibi yetu mzaa baba aliamua kwamba huyu afanyiwe mila kamili. Wageni huenda hamuijui, basi nieleze kwa kifupi, kwamba mtoto anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa, siku hiyo hiyo hulazwa uchi juu ya jaa la jivu nyuma ya nyumba, akapakwa jivu hilo mwili mzima na kitovuni zaidi, kana kwamba wazazi wamemtupa, ili kifo kikipita kidhani ni taka kiende zake, halafu mwanamke jirani huja kumwokota na kumrudisha kwa mama, akapewa kuku kwa kazi yake, na mtoto huitwa Makokha, jina linalotokana na jivu. Ndivyo marehemu alivyolipata jina lake, akanyonya, akavuka juma, akavuka mwezi, akaota meno, na bibi akatembea Chwele yote akijisifu, asipite nyumba yenye mimba bila kusema, mtazameni yule wa kwetu, jivu lilimkubali.

Mwezi wa Januari 1932, wakati wa kiangazi, mama alijifungua mtoto wa kiume, na kwa kuwa hakutaka kubahatisha alikubali mila ifanywe tena bila kupunguza kitu. Bibi akasema safari hii mkono wa kuokota uwe wa Makokha mwenyewe, kwa sababu mkono uliotoka jivuni una baraka, basi marehemu, akiwa hajatimiza miaka minane, akatumwa nyuma ya nyumba, akamwinua ndugu yake kutoka kwenye jaa, akampangusa jivu machoni kwa ncha ya gauni lake na kumpeleka kwa mama. Mtoto huyo aliitwa Maloba, yaani udongo, na juma lile lile alikataa titi, akafa. Marehemu aliuliza mbona jivu lilimkubali yeye likamkataa Maloba, mama akamwambia anyamaze, mtoto hauulizi msiba, na marehemu akanyamaza kwa mdomo, lakini moyoni hakunyamaza kamwe. Swali hilo ndilo lililompeleka shule, likampeleka Kampala, likamrudisha kwetu, na mkisikia watu wakisema kwamba alisoma kwa kiburi au kwa kukimbia ndoa, waambieni kwamba alisoma kwa sababu ya mtoto mmoja aliyembeba mikononi.

Kuhusu masomo, alianza shule ya misheni mwaka 1934, mwaka huo huo akabatizwa jina la Wilkista, na baba yetu, aliyekuwa akiendesha ng'ombe wa plau katika shamba la mzungu upande wa Kachibora, ndiye aliyetetea asome, ndugu zake wakimcheka kwamba anamwagilia mti ulio katika shamba la jirani. Mwaka 1941 alikwenda shule ya bweni ya wasichana Uganda, akipanda gari la moshi Bungoma na sanduku la mbao alilochongewa na baba, na mwaka 1946 akaingia chuo cha udaktari Kampala, msichana wa kwanza kutoka lokesheni yetu kufanya hivyo. Baba alifariki mwaka uliofuata kabla ya kumwona akivaa koti jeupe, na marehemu alifika baada ya mazishi, kwa sababu simu ya maandishi ya kifo ilikaa njiani.

Darasani kwake Kampala alikuwa msichana peke yake, na sitasema kwamba walimwonea, maana yeye mwenyewe hakusema hivyo, alisema tu kwamba walimwachia nafasi, kwenye benchi waliacha nafasi kulia na kushoto kwake, mezani vivyo hivyo, na siku za kupasua maiti kila mtu alikuwa na mwenzake wa kumshikia, yeye akajishikia mwenyewe. Siku za Jumapili baada ya ibada alitembea hadi stesheni ya reli, akasimama pale wasafiri wa kutoka Bungoma wanaposhuka, ili asikie mtu mmoja akiongea lugha yetu, hata kama ni mwanamke anayemgombeza mtoto wake kwa kupoteza kiatu, akishasikia anageuka na kurudi bwenini. Hakuwasalimu, aliniambia, kwa sababu angewasalimu wangemuuliza anafanya nini huko, ameolewa na nani, na ana watoto wangapi. Alifanya hivyo miaka sita. Nilipoyasikia hayo nililia, naye akanishangaa, akasema mbona walia, siku nyingine nilikuwa na bahati, walishuka wengi.

Alihitimu mwishoni mwa 1952, na Januari 1953 akaanza kazi hospitalini Kitale, akapanga chumba kimoja mtaa wa Matisi, kati ya fundi wa baiskeli na mama muuza mkaa. Baba Walubengo alimtumia ujumbe kwamba mkataa kwao ni mtumwa, arudi nyumbani atafutiwe mume ambaye bado anaweza kumkubali, naye akajibu kwa adabu kwamba amesikia. Hospitalini wagonjwa walimpita wakimtafuta daktari, na mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi tangu asubuhi alimfokea, "Wewe sista, si uite daktari bana, ama ati mpaka nikufe hapa?" Marehemu akatoka nje, akazunguka, akaingia kwa mlango mwingine na kusema, "Mzee, daktari amefika." Mzee akamtazama juu mpaka chini, akasema basi ni sawa, wewe nipime tu, yule mkubwa akikuja atarudia. Kisa hicho alikisimulia akicheka, nasi tulicheka naye, lakini siku hizi nikikikumbuka sicheki sana.

Nikiingia katika utafiti wake, nitasema kwa maneno ya kawaida kama alivyopenda yeye. Alitaka kujua watoto wachanga wanakufa wapi zaidi na kwa nini, na shida ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna aliyewaandika, wala hakuna mama atakayekujibu ukimuuliza amezika wangapi, atakuambia Mungu ndiye anayejua na kukuonyesha mlango. Basi akafikiri jambo ambalo mtu wa nje asingelifikiri, akaenda shuleni, lokesheni hii na ile, akawaomba walimu wawasimamishe watoto wote wanaoitwa Makokha, Maloba na Khisa, majina yale tunayowapa waliozaliwa nyuma ya makaburi, na mahali waliposimama wengi akajua kwamba huko ndiko kwenye msiba, akaenda nyumba kwa nyumba kuketi na mama zao. Wakubwa wa Nairobi waliuliza hii ni sayansi gani ya kuita majina, lakini kwenu ninyi mliokuwa watoto wa shule miaka ile na mkasimama, jueni kwamba mlikuwa mkimsaidia.

Kule Kachibora alijibandika kwa mkunga maarufu, Mama Chepkemei, ambaye amefika leo na ninamshukuru, na Mama Chepkemei alimwambia siku ya kwanza kwamba mtu ambaye hajazaa hana la kumfundisha mkunga, lakini kama anataka kuchota maji achote. Marehemu akachota maji. Alichota siku zake zote za mapumziko kwa mwaka mzima, akiketi pembeni akitazama, kila mtoto akipakwa samadi kitovuni anauliza taratibu, mama, tukiacha huyu mmoja bila kumpaka itakuwaje, hadi Mama Chepkemei akaacha kupaka, si kwa kuamini, alisema, bali kwa kuchoka kuulizwa. Watoto wale wa Kachibora leo wanakimbia.

Katika maabara ya Kitale alisaidiwa na Bwana Gikonyo, mpimaji, ambaye alimwekea hadubini ile inayoonyesha vijidudu, wakapima jivu la majaa kutoka Chwele hadi mjini, jivu ambalo kila nyumba humwagia pia samadi ya zizi, na humo wakaona vijidudu vya pepopunda, ugonjwa ule ule unaompata mtu mzima aliyechomwa na msumari wenye kutu, na ambao kwa mtoto huingilia kitovu kilichokatwa karibuni. Kwa hiyo, ndugu zangu, alichokiona ni hiki, kwamba tunapompaka mtoto jivu ili kifo kisimwone, ndipo tunapokionyesha kifo mlango. Si ubaya wetu, alisisitiza niseme hivyo, hakuna mama aliyemuua mtoto wake, kila mmoja alifanya alichoambiwa ni dawa.

Sasa nafika kwenye ndoa, mahali ambapo mzee mmoja alinishauri nipapite haraka. Marehemu hakuolewa na hakujaliwa watoto. Mwaka 1945 kulikuwa na mchumba, walikuja, wakanywa pombe ya busaa, wakasikia kwamba bado ana miaka saba ya kusoma, wakamaliza busaa wakaenda. Kuhusu Bwana Gikonyo sijui la kusema, kwa sababu marehemu hakusema, ninajua tu kwamba walikunywa chai pamoja kila saa nne kwenye benchi la maabara, na kwamba Oktoba 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliwakusanya Wakikuyu waliokuwa mjini, naye akachukuliwa pamoja nao na hatujasikia habari zake hadi leo. Tulipokwenda Matisi kuchukua vyombo vya marehemu tulikuta vikombe viwili rafuni, na mama muuza mkaa akatuambia kwamba hajapata kuona mgeni katika chumba kile, lakini vikombe vyote viwili vilioshwa kila jioni. Mahali pale sikuweza kupapita haraka.

Mwezi wa Machi 1956, akiwa na matokeo yake mkononi, alikuja Chwele siku ya soko kwa ruhusa ya chifu, akasimama mbele ya akina mama, wengi wenu mlikuwapo, akaeleza habari ya jivu kama nilivyoieleza, kwa upole na bila kumlaumu mtu, na watu walisikiliza vizuri mpaka mwanamke mmoja mzee akasimama na kumuuliza, "Daktari, jina yako ni nani?" Akajibu, Wilkista. "Hiyo ya kanisa tunajua, ile ya nyumbani?" Akasema kweli, Makokha. "Na si wewe ulilalishwa kwa hiyo jivu unatukataza, ukapona, ukaenda mpaka kwa wazungu ukarudi na viatu?" Soko zima likacheka, hata mimi niliyekuwa hapo karibu yake niliona jinsi lilivyokuwa neno la kuchekesha, kisha wanawake wakainua vikapu vyao wakaenda, akabaki amesimama juu ya sanduku la soda na maneno yake yote. Alikuwa amejibu kila swali la walimu wa Kampala, lakini hilo hakuwa na jibu lake, maana hata yeye hakujua kwa nini alipona, na tangu siku hiyo, kila alipokwenda, mwili wake mwenyewe ulisimama mbele yake kumpinga. Tulimshauri asitumie tena jina la Makokha, akakataa, akasema hawezi kuanza kusema kweli kwa kuficha jina.

Jioni ile alimuuliza mama, kama alivyomuuliza akiwa mtoto, nilipolazwa jivuni ilikuwaje hasa, na mama akamjibu, ulilazwa kama wote, akainuka kwenda kukama.

Agosti ya mwaka huo nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, nyumbani kwa mume wangu. Nilikuwa nimechoka na nina homa, na nilipomwomba mama mkwe wasimpake kitu aliniambia bila ubaya wowote, mwanangu, mbona dada yako mwenyewe alipakwa akawa daktari, na wakampaka. Siwezi kuisoma sehemu hii yote, mnisamehe. Marehemu alifika kutoka Kitale tulipokwisha kumzika, akavua viatu, akaketi nami sakafuni siku tatu, na katika siku zote hizo hakusema hata mara moja kwamba nilikwambieni. Mama yetu naye alikuwapo, ameketi ukutani, hakula, akimtazama marehemu kama mtu anayetaka kusema jambo, na sisi tukadhani ni huzuni tu.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kuvimba miguu na macho mwanzoni mwa mwaka huu, akajipima mwenyewe kwenye lile benchi la Bwana Gikonyo, akajua ni figo, na akaendelea kufanya kazi bila kumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini sioni kwamba alificha, naona hakuwa na wa kumwambia, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Tarehe 20 Septemba alianguka wodini akihudumia wagonjwa, akalazwa katika wodi hiyo hiyo, na mama akaenda Kitale kumuuguza, akalala chini ya kitanda chake kwa muda wote uliobaki, nami nikafika kila shule ilipofungwa mwishoni mwa juma.

Hili ndilo neno nililowaomba mlingoje, na ninalisoma kwa ruhusa ya mama, ambaye nilimuuliza tena asubuhi hii kama nisome, akasema soma.

Siku moja ya Oktoba, mchana, nikiwa nimeketi hapo, mama alimwambia marehemu kwamba hakulazwa jivuni. Alisema siku aliyozaliwa mvua ya Aprili ilinyesha kama inayomwagwa kwa ndoo, jaa la nyuma ya nyumba likawa tope baridi, bibi akakaa mlangoni mwa nyumba kubwa kwa kuogopa kulowa, akamwamuru mama amtoe mtoto mwenyewe. Mama akatoka, akaliona tope lile, akamhurumia mtoto, si kwa sababu ya ugonjwa, hakujua habari za ugonjwa, alihurumia baridi tu. Akaingia jikoni, akamlaza mtoto katika kikapu cha wimbi karibu na moto, kitovu akakifunga kwa uzi wa shuka yake uliokuwa umetumbukia katika maji ya uji yanayochemka, kisha akafunga majani ya ndizi ndani ya ngozi ya mbuzi isiyo na manyoya, ambayo kwa mbali ilionekana kama mwili wa mtoto, na kuyaweka jivuni, na yule jirani wa kuokota, ambaye alikuwa rafiki yake na sasa ni marehemu, akayaokota majani yale na kuyabembeleza njia nzima hadi ndani, bibi akitazama kwenye mvua na kumshukuru Mungu. Mtoto hakupakwa jivu siku hiyo wala siku nyingine, maana bibi aliamini amekwisha kupakwa.

Basi mama aliogopa kusema, maana alidhani siku akisema, kifo kitajua kwamba kilidanganywa na majani ya ndizi na kitarudi kumchukua mtoto. Na alipozaliwa Maloba wakati wa kiangazi, mama alifikiri kwamba deni lile linamngoja, akaifanya mila yote kwa uaminifu, jivu kavu, mwili mzima, na Maloba alipokufa akaamini kwamba ameadhibiwa kwa udanganyifu wa kwanza, na akayabeba hayo kimya kwa miaka ishirini na mitano, akilima, akipika, akiimba kanisani. Watu wawili waliishi katika boma hili, mmoja ana swali na mwingine ana jibu, kila mmoja amelala nalo peke yake.

Marehemu aliposikia hayo hakukasirika, mimi ndiye niliyekasirika. Yeye alimshika mama mkono akaanza kumuuliza kama anavyomuuliza mgonjwa, uzi ulikuwa wa nini, maji yalikuwa yamechemka kweli, bibi alishika kitovu baadaye au hakushika, na alipomaliza akacheka hadi sista wa zamu akaja kutazama kuna nini. Kisha akamwambia mama, polepole, kwamba Maloba hakuwa adhabu, Maloba alikuwa jivu, hakuna aliyekuwa akimdai, na mama akaweka kichwa kitandani akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani kilikuwa cha mwaka 1932.

Baadaye akatuagiza. Alisema yeye hatasimama tena juu ya sanduku pale sokoni, lakini kuna siku moja ambayo Chwele yote itaketi mbele yake na hakuna atakayemkatiza, kwa maana kwetu mtu hakatizi historia ya marehemu, basi neno hili liingizwe humo, akanitaka nisome mimi. Mama akauliza, "Na watu wakijua mimi nilidanganya mila?" Marehemu akamjibu, "Wajue, mama. Wajue kwamba kuna mtu alinihurumia."

Alifariki Jumatano tarehe 13 Novemba 1957, saa tisa alasiri, hospitalini Kitale, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mama akiwa amemshika miguu na mimi kichwa, na kwa hiyo angalau safari hiyo hakuwa peke yake.

Jana jioni palikuwa na maneno. Baba Walubengo alitaka sehemu hii iondolewe kwa heshima ya bibi, na tena, kwa kuwa marehemu hakuolewa, wazee walisema azikwe nje ya ua kama mila inavyosema. Mama, ambaye hajawahi kubishana na wazee tangu alipoolewa hapa, aliinuka akachukua jembe, akaenda pale palipokuwa jiko lake la zamani, akaanza kuchimba mwenyewe hadi vijana wakamwonea haya wakampokea. Hapo ndipo kaburi lilipo, mahali pa kile kikapu cha wimbi, na ninawashukuru wazee kwa kuliacha lilivyo.

Mnaniona hali yangu. Nina mimba ya miezi saba, na kwa kuwa nimezika mmoja, jaa la jivu limekwisha kuandaliwa kule kwa mume wangu kwa mapenzi mema kabisa, mama mkwe yupo hapa na tunapendana, basi namwambia mbele yenu nyote kile ambacho sikuwa na nguvu za kukisisitiza mwaka jana, kwamba mtoto huyu hatalazwa jivuni wala kupakwa kitu, kitovu chake kitafungwa kwa uzi uliochemshwa, kama alivyofungwa dada yangu huyu aliyelala hapa. Na jina ataitwa Makokha, awe wa kike awe wa kiume, si kwa ajili ya jivu, ni kwa ajili yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na masista wa Kitale waliomuuguza mwenzao, na hasa yule sista aliyemruhusu mama kulala chini ya kitanda kinyume cha sheria ya wodi, nawashukuru majirani wa Matisi, fundi wa baiskeli aliyeleta jeneza kwa lori la rafiki yake na mama wa mkaa aliyekesha nalo, Mama Chepkemei na akina mama wa Kachibora waliokuja na watoto wao ili marehemu asindikizwe nao, kanisa, chifu, na wazee wa ukoo akiwamo Baba Walubengo, ambaye tumegombana naye na bado ametoa fahali. Bwana Gikonyo, kama uko hai mahali fulani, kikombe chako kimewekwa.

Mama Sellah sasa atasimama, hatasema kitu, atasimama tu ili akina mama wenye mimba mmwone, na mwenye swali amwendee baada ya mazishi, atamjibu.

Pumzika kwa amani, Makokha, dada yangu. Soko zima limeketi, na hakuna aliyecheka.